Clarence Jordan, Mchungaji Aliyeuza Nyumba bila Faida wala Riba

Katika ukurasa huu wa maisha ya watumishi waliotutangulia, safari hii tunawaletea habari za Clarence Jordan wa Marekani. Kule kwao jina lake linajulikana sana makanisani. Hapa makazini ni wachache waliolisikia, ingawa kazi iliyoanzia shambani kwake ilifika mpaka Mbandaka, kwetu Kongo, kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Tumemchagua kwa sababu jambo lake liko mezani petu. Tangu upepo ulipoezua mapaa katika vijiji kadhaa, kamati ya huruma haijakubaliana. Wengine wanasema mama mjane apewe mabati bure. Wengine wanasema akopeshwe, alipe kidogo kidogo. Wengine wanasema tuwaachie mashirika. Jordan aliishi na swali hilo miaka karibu thelathini.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1912 katika mji mdogo wa Talbotton, jimbo la Georgia, mtoto wa saba kati ya kumi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na mwenye benki, kwa hiyo nyumbani kwao paa halikuvuja. Lakini karibu na nyumba yao palikuwa na gereza la wafungwa waliofanya kazi barabarani wakiwa wamefungwa minyororo, wengi wao watu weusi. Kijana Clarence alizoea kupita pale na kuzungumza nao. Usiku mmoja, baada ya mkutano wa injili, alisikia kilio cha mfungwa akiteswa, akatambua kwamba anayemtesa ni mkuu wa gereza yule yule aliyekuwa akiimba kwaya kanisani saa chache tu zilizopita. Jambo hilo halikumtoka moyoni.

Alisoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Georgia, akamaliza mwaka 1933. Alitaka kuwasaidia wakulima maskini wapate mavuno mazuri. Baadaye akaona kwamba umaskini wa watu wale haukutokana na udongo peke yake, akaenda Louisville kusomea uchungaji wa Kibaptisti, hadi akapata shahada ya udaktari katika Kiyunani cha Agano Jipya mwaka 1938. Huko ndiko alikomwoa Florence Kroeger, mwaka 1936.

Mwaka 1942 Clarence na Florence, pamoja na Martin na Mabel England waliokuwa wamisionari huko Burma, walinunua shamba la ekari 440 nje kidogo ya mji wa Americus, Georgia. Waliliita Koinonia, neno la Kiyunani lenye maana ya ushirika. Weupe na weusi walifanya kazi pamoja, wakalipwa sawa na kula meza moja. Walikuwa na desturi moja tunayoipenda sana: waliazima ng'ombe. Familia yenye watoto na isiyo na maziwa ilichukua ng'ombe bure, ikamkamua, na maziwa yakikauka ilimrudisha na kuchukua mwingine, kama mtu anavyoazima kitabu maktaba.

Katika Georgia ya siku zile, mweupe kula na mweusi ilikuwa kosa kubwa machoni pa majirani. Mwaka 1950 kanisa la Kibaptisti la Rehoboth, walilokuwa wakisali, liliwafukuza baada ya kumleta ibadani mwanafunzi kutoka India ambaye ngozi yake ilikuwa nyeusi. Kuanzia 1956 hali ikawa mbaya zaidi. Kibanda chao cha kuuzia mazao kando ya barabara kililipuliwa kwa bomu; wakakitengeneza, na mwanzoni mwa 1957 kikalipuliwa tena, safari hii kikaharibika kabisa. Nyumba zao zilipigwa risasi usiku. Watu wa Ku Klux Klan walikuja kwa msafara wa magari kuwatisha wauze shamba. Wafanyabiashara wa mjini walikataa kuwauzia mbolea, mafuta na chakula cha kuku, na kampuni za bima zikafuta bima za majengo yao.

Hapo tutulie kidogo. Mtu asiye na bima wala mkopo, nyumba yake ikibomolewa, ataitengeneza kwa nini? Koinonia waliwaandikia marafiki kote Marekani, na wengi wakaahidi kila mmoja kutoa kiasi fulani iwapo jengo litateketezwa. Hawakutoa fedha papo hapo, walitoa ahadi. Ahadi hizo ndizo zilizokuwa bima yao. Na kwa kuwa hawakuweza kuuza kitu Americus, wakaanza kuuza karanga na kokwa za pecan kwa njia ya posta kwa watu wa mbali. Biashara hiyo ndiyo iliyowaokoa.

Hata hivyo, Jordan aliona kwamba majirani wake weusi wana shida iliyozidi ya kwake. Wengi walikuwa wakulima wa kugawana mavuno. Mwenye shamba aliwapa kibanda cha mbao na mbegu za mkopo. Mwisho wa msimu alipiga hesabu, na mara nyingi mkulima alibaki na deni. Vibanda vilikuwa na nyufa ambazo watu waliziba kwa magazeti, bila maji wala choo ndani. Paa likivuja, mwenye shamba ndiye aliyeamua kama litatengenezwa. Na zilipoingia mashine za kuvuna pamba, familia nyingi ziliambiwa zihame.

Wasomaji watauliza kama serikali haikusaidia. Ilikuwapo sheria ya nyumba ya mwaka 1949, ambayo iliweka mikopo na misaada ya kujenga na kutengeneza nyumba za vijijini. Lakini iliwalenga wenye mashamba. Mwaka 1961 ilipanuliwa kwa wakazi wengine wa vijijini, ila msaada wa kutengeneza nyumba ulibaki kwa mtu mwenye nyumba yake. Mkulima wa kugawana mavuno hakuwa na hati yoyote. Angeombaje fedha za kutengeneza paa la mwingine? Sisi tunaoishi kwenye viwanja tulivyopewa kutumia, visivyo mali yetu, tunaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Mwaka 1965 alifika Koinonia mwanasheria kijana kutoka Alabama, Millard Fuller, pamoja na mkewe Linda. Fuller alikuwa amekuwa milionea kabla ya kufikisha miaka 30, na ndoa yake ilikaribia kuvunjika kwa sababu ya kufukuzia mali. Walikuwa wameamua kugawa mali yao na kuanza upya. Walipanga kumsalimu rafiki kwa saa chache. Walikaa mwezi mzima. Mwaka 1968 Fuller alirudi, na yeye na Jordan pamoja na marafiki wachache wakaketi kupanga kazi mpya.

Walichokubaliana ni rahisi kueleza. Jordan aliamini kwamba maskini anahitaji mtaji kuliko sadaka. Sadaka huisha siku ileile na kumwacha aliyepokea akiinamisha kichwa, lakini mtaji humfanya asimame. Wakaanzisha mfuko walioupa jina la Mfuko wa Ubinadamu, uliopokea zawadi, mikopo isiyo na riba kutoka kwa marafiki, na mapato ya kazi za shamba. Wakapima viwanja 42, kila kimoja nusu ekari, kando ya shamba. Familia yenye kipato kidogo ingejengewa nyumba ya matofali ya saruji, ingeuziwa kwa gharama ileile iliyotumika, bila faida na bila riba, na ingelipa kidogo kila mwezi kwa miaka 20. Kila senti iliyolipwa ilirudi mfukoni kujenga nyumba ya jirani anayefuata. Kwa hiyo mwenye kulipa hakuwa mdaiwa tu, alikuwa pia mjenzi wa nyumba ya mwenzake.

Tupige hesabu kidogo, maana hapo ndipo siri ilipo. Chukueni nyumba ya dola 6,000. Bila riba, kwa miaka 20, ni dola 25 kwa mwezi. Mkopo huohuo ukitozwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, malipo ni dola 50 kwa mwezi, na mwisho wa miaka 20 mtu amelipa zaidi ya dola 12,000. Amenunua nyumba mbili na kupata moja. Mama anayefua nguo za watu anaweza kupata dola 25; hamsini zitamshinda, na nyumba atanyang'anywa. Wanaojua sheria ya Musa katika Kutoka sura ya 22 watakumbuka kwamba kumtoza maskini riba si jambo lililoanza kukemewa jana.

Kwa maoni yetu, hapo Jordan aliwajibu watu wa pande zote mbili za kamati yetu. Hakutoa bure, wala hakukopesha kama wenye duka wanavyokopesha.

Ujenzi wa nyumba ya kwanza ulianza mwaka 1969. Jordan hakuiona ikikamilika. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo, akiwa ndani ya kibanda chake kidogo alimokuwa akiandika mahubiri na kutafsiri Agano Jipya kwa lugha ya wakulima wa Georgia, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 57. Afisa aliyepaswa kuthibitisha kifo alikataa kuja shambani, ikabidi Fuller aupeleke mwili mjini kwa gari lake. Walimzika kilimani ndani ya sanduku la mbao la kusafirishia majeneza, katika kaburi lisilo na alama. Mtoto mdogo wa Fuller alisogea kaburini akaimba wimbo wa siku ya kuzaliwa, kwa sababu ndio aliokuwa akiujua.

Nyumba ilikamilika, zikafuata nyingine. Mwaka 1973 Fuller na familia yake walikwenda Zaire kufanya kazi na kanisa mjini Mbandaka. Walipewa uwanja uliokuwa umeachwa wazi tangu enzi za Wabelgiji ili kuwatenganisha wazungu na Waafrika. Wenyeji waliuita Bokotola, neno ambalo Fuller alieleza kuwa maana yake ni mtu asiyependa wenzake. Juu ya uwanja huo wa utengano zilijengwa nyumba kwa utaratibu uleule: bila faida, bila riba, malipo yakirudi mfukoni. Wazee wetu waliotoka Equateur huenda walipita mitaa hiyo. Aliporudi Georgia, Fuller alianzisha Habitat for Humanity mwaka 1976, na katika miaka ya 1980 shirika hilo lilifika Kenya, Uganda na Tanzania.

Kazi ya kutengeneza nyumba za zamani ilikuja baadaye, wenye nyumba walipozeeka na kushindwa kupanda ngazi. Mwaka 2005, baada ya kutofautiana na baraza la Habitat, Fuller alianzisha huko Americus shirika jingine, Fuller Center for Housing. Utaratibu wao wa matengenezo umetushangaza. Wanatengeneza paa au ngazi ya mzee, kisha wanamwonyesha gharama na kumwomba airudishe ili mwingine atengenezewe. Hakuna riba wala mkataba wa kupelekana mahakamani. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayesema ataweza kiasi gani kila mwezi.

Fuller alifariki tarehe 3 Februari 2009. Walimzika Koinonia, kwenye kilima hicho hicho, ndani ya sanduku la mbao.