Gregor Mendel na Mwalimu Wake

Mwaka 1822, katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kiko katika nchi ya Ucheki, alizaliwa mtoto jina lake Johann Mendel. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Siku tatu za kila juma baba yake alilazimishwa kufanya kazi kwa bwana mwenye nchi. Mtoto wa namna hiyo alingojea kurithi jembe la baba yake tu.

Lakini shule ya kijiji ilikuwa na mwalimu mwema, Thomas Makitta. Hakufundisha kusoma, kuandika na hesabu peke yake. Yeye na Padri Schreiber waliwafundisha watoto kutunza miti ya matunda na kufuga nyuki. Watoto walitazama kwa macho yao, wakagusa kwa mikono yao. Wakubwa hao wawili waliona akili na bidii ya Johann, wakawashauri wazazi wampeleke shule kubwa. Akaondoka mwaka 1833, akiwa na miaka 11.

Huko alipata taabu na njaa. Mwaka 1838 baba yake aliangukiwa na mti, asiweze tena kazi nzito. Fedha zikapungua. Ndipo Theresia, ndugu yake mdogo wa kike, alipotoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya arusi yake, ili Johann aendelee kusoma. Johann hakumsahau; baadaye aliwasomesha watoto wa Theresia.

Mwaka 1843 aliingia katika utawa wa Waagustino mjini Brno, akaitwa Gregor. Mwaka 1847 akapata upadri. Alitaka sana kufundisha, lakini mwaka 1850 alishindwa mtihani wa ualimu. Hakukata tamaa. Alikwenda kusoma Vienna, akarudi, akafundisha vijana elimu ya viumbe tangu 1854 hata 1868. Wanafunzi walimpenda kwa upole wake.

Katika bustani ya watawa alipanda njegere. Alichukua unga wa ua la njegere za manjano, akautia katika ua la njegere za kijani. Mbegu zilizotoka zote zilikuwa za manjano. Je, rangi ya kijani ilikufa? Mendel hakukisia. Alizipanda mbegu hizo, akavuna, akahesabu moja moja: za manjano 6,022, za kijani 2,001. Karibu tatu kwa moja! Rangi ya kijani ilikuwa imejificha tu. Hivyo alitambua kwamba viumbe hurithi kwa sheria.

Mwaka 1865 aliwaeleza wataalamu wa Brno. Walisikiliza, lakini hawakufahamu ukubwa wa jambo lile. Akafa tarehe 6 Januari 1884, bila kusifiwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1900 tu wataalamu wengine waliona kwamba alisema kweli, na leo elimu ya urithi yote imejengwa juu ya njegere zake.

Makobola nako, kati ya Ziwa Tanganika na milima, kuna udongo, mbegu na watoto wenye macho. Mwalimu awatoe nje. Kila mtoto apande maharage ya rangi moja, ahesabu aliyovuna, aandike aliyoyaona. Makitta hakujua elimu ya urithi. Hakuna aliyeijua wakati ule. Alimfundisha mtoto kutazama vizuri, na hiyo ilitosha kuwa mwanzo.