Maisha ya Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Aliyewakopesha Wakulima

Wengi wetu ni watu wa shamba, nasi twajua jinsi mwezi wa njaa unavyompeleka mtu kwa mwenye mali, na jinsi deni dogo linavyoweza kula shamba zima. Basi yafaa tusimulie habari za Bwana mmoja wa Ujerumani aliyeyaona mambo hayo kwa watu wake, akayatafutia dawa, akakosa mara mbili kabla ya kuipata.

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 katika mji mdogo wa Hamm, kando ya mto Sieg, mtoto wa saba katika watoto tisa. Mali ya nyumbani ilikuwa haba, hata hakuweza kupelekwa katika shule kubwa, ila mchungaji wa pale, jina lake Seippel, akamfundisha mwenyewe. Mwaka 1835 akaingia jeshini katika kikosi cha mizinga. Huko macho yake yakaanza kuugua, na mwaka 1843 akalazimika kuuacha uaskari. Ugonjwa huo ukafuatana naye mpaka kufa kwake.

Mwaka 1845 akawekwa kuwa mkuu wa Weyerbusch, katika nchi ya vilima iitwayo Westerwald, akiwa na vijiji zaidi ya 20 chini yake. Udongo wa huko ni hafifu na baridi yake ni kali. Mwaka uliofuata mavuno yakaharibika, na viazi, ambavyo ndivyo chakula cha maskini, vilikuwa vimekwisha kushikwa na ule ugonjwa wa kuoza ulioenea Ulaya tangu 1845. Raiffeisen akaiomba serikali ya Prussia unga, nao ukaletwa, walakini kwa amri kwamba utolewe kwa fedha taslimu tu. Nani alikuwa na fedha? Wale wenye njaa hasa ndio wasiokuwa nazo. Basi yeye, ambaye alikuwa mtumishi wa serikali iyo hiyo, akaiacha amri akawakopesha maskini unga kwa hati ya deni. Kisha akawakusanya wenye uwezo, wakatoa fedha kununua nafaka, wakajenga tanuri la kijiji, na watu wakapata mkate kwa bei iliyo chini sana ya bei ya soko.

Mwaka 1848 akahamishiwa Flammersfeld, naye akakuta balaa nyingine. Mkulima aliyekosa ng'ombe wa kulimia alimwendea mfanya biashara ya mifugo, akapewa mnyama kwa deni. Alimlisha, akamnenepesha, na samadi yake akaipeleka shambani. Lakini siku ya kulipa ikifika naye hana fedha, yule tajiri alimchukua ng'ombe, tena deni likabaki pale pale na riba juu yake. Mkulima akafanya kazi ya mwaka mzima kwa faida ya mtu mwingine. Katika mwaka 1849 Raiffeisen akawapata wenye mali 60 hivi, wakajifunga wote kuwa wadhamini, ili chama chao kikope fedha kwa jina lao, kinunue ng'ombe, na wakulima walipe kidogo kidogo katika miaka kadha wa kadha. Kazi ikaenda vizuri, na baadaye chama kikatoa pia mikopo ya fedha.

Mwaka 1852 akawa mkuu wa Heddesdorf, karibu na mji wa Neuwied penye mto Rhine. Huko, mwaka 1854, akaanzisha chama cha hisani kilichokusudia mambo mengi mno: kuwatunza watoto waliokosa malezi, kuwapatia kazi waliotoka gerezani, na kuwakopesha maskini. Kwa miaka michache matajiri walishughulika. Kisha wakachoka. Walikuwa wakitoa dhamana kwa ajili ya watu wengine, wao wenyewe hawahitaji mkopo, na kila mwaka hatari ilikuwa yao tu.

Jambo hili lilimwuma sana Raiffeisen, maana alikuwa ameijenga kazi yake yote juu ya upendo wa jirani kama Injili inavyofundisha, naye hakutaka kukiri kwamba huruma ya wenye mali ina kikomo. Hata mwaka 1864 akakubali. Akaanzisha chama kipya, ambacho kila atakaye kukopa sharti awe mwanachama, na wanachama wote, tajiri kwa maskini, wajibu madeni ya chama kwa mali yao yote. Chama kikae katika eneo dogo, ili kila mtu amjue mwenziwe, kama ni mlevi au mtu wa kazi. Wakuu wake wasipokee mshahara, ila mtunza hesabu peke yake. Faida isigawanywe, bali iwekwe akiba ya daima. Jirani aliyeweza kupoteza shamba lake kwa deni lako alikuwa na sababu ya kukuangalia ukilima.

Mwaka 1863 mkewe Emilie alikuwa amefariki. Macho yake mwenyewe yakazidi kuharibika, na mwaka 1865 akaacha kazi ya serikali. Alijaribu kiwanda kidogo cha sigara, kisha biashara ya divai, ili watoto wale. Mwaka 1866 akatoa kitabu cha kuvieleza vyama vyake, asichoweza tena kukisoma vizuri. Binti yake mkubwa, Amalie, ndiye aliyekuwa macho na mkono wake, akisoma barua na kuandika majibu. Baba hakumruhusu aolewe. Watu humsifu Raiffeisen kwa mengi, nami namsifu, lakini katika jambo hili sioni haki yake: aliyewafungua wakulima katika madeni alimfunga binti yake mwenyewe.

Hakukosa wapinzani. Hermann Schulze-Delitzsch, mwanzilishi wa vyama vya mafundi wa mijini, alisema ni hatari kukopesha kwa miaka mingi fedha ambazo wenyewe waweza kuzidai upesi, na neno lake lilikuwa na uzito. Raiffeisen akajibu kwa kuunda benki kuu ya vyama mwaka 1876, ili chama chenye akiba kisaidie chenye upungufu.

Akafa Heddesdorf tarehe 11 Machi 1888, zikibaki siku 19 atimize miaka 70. Vyama vilivyokuwa katika umoja wake vilikuwa vimepita 400. Vyama vya akiba na mikopo vya vijiji vyetu vina asili yao katika mashauri yake. Amalie, ambaye hakuolewa, alimfuata baba yake mwaka 1897.