Daktari Carothers na Ubongo wa Mwafrika

Mara nyingi katika kurasa kama hizi husimuliwa maisha ya watu wema ili tufuate nyayo zao. Leo twapenda kueleza maisha ya mtu ambaye hatumtaji kwa kumsifu wala kwa kumtukana, bali kwa kuwa maisha yake yana funzo kubwa juu ya elimu: vipi elimu ya kweli huweza kuzaa hukumu ya uwongo pale mwenye kupima anapokosa mizani iliyo sawa. Mtu huyo ni Daktari John Colin Carothers, tabibu wa maradhi ya akili, ambaye maneno yake yalisomwa duniani kote na athari yake ikafika hata Othaya, katika nchi ya Nyeri.

Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1903, akasomea utabibu London, na mwaka 1929 akaingia katika idara ya utabibu ya serikali ya kikoloni ya Kenya. Kwa miaka kadhaa alikuwa daktari wa kawaida, akitibu homa, vidonda na majeraha. Mwaka 1938 alikabidhiwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1910 kuwa nyumba ya wenye wazimu. Wakati huo hakuwa na mafunzo maalumu ya maradhi ya akili. Aliyapata baadaye, kwa muda mfupi, huko Uingereza. Alikaa Mathari mpaka mwaka 1950.

Ili tufahamu aliyoyasema, yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Kwamba hasira, hofu, huzuni na furaha za mwanadamu zina mizizi katika mwili wake, hilo halina ubishi. Mwaka 1848 huko Marekani, mfanyakazi wa reli aitwaye Phineas Gage alichomwa na mtaimbo wa chuma ulioingia shavuni ukatokea utosini, ukaharibu sehemu ya mbele ya ubongo wake. Hakufa, lakini waliomjua walisema kwamba tabia yake imegeuka: mtu wa utaratibu akawa mtu wa pupa asiyejizuia. Ndipo wataalamu walipoanza kutambua kuwa sehemu ile iliyo nyuma ya paji la uso ina kazi kubwa katika kupanga mambo na kuzuia matamanio. Mwaka 1935, Mreno Egas Moniz alianzisha operesheni ya kukata nyuzi za sehemu hiyo ili kuwatuliza wagonjwa wa akili, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel. Wengi waliokatwa walitulia kweli, lakini pamoja na utulivu ule walipoteza himma na upana wa fikira.

Kabla ya Carothers, walikuwapo Nairobi mabwana wawili waliokwisha kuanza kupima vichwa vya watu. Daktari H. L. Gordon, aliyekuwa akitazama wagonjwa wa Mathari, alidai kuwa akili ya mwenyeji wa Kenya ni pungufu kwa maumbile. Mwenziwe, F. W. Vint, alichukua bongo za maiti 100, akazipima uzito na unene wa ganda lake la juu, na mwaka 1934 akatangaza kuwa ni pungufu kuliko za Wazungu. Lakini maiti zile hazikuwa za watu walioshiba na wenye siha. Zilikuwa za watu wanyonge, na zikalinganishwa na hesabu zilizotoka Ulaya. Mwenye kupima tende kavu za hapa kwa tende mbichi za kwingine, kisha akasema mtende wa hapa ni dhaifu, hakupima mtende.

Carothers hakuwa mkali kama Gordon. Aliandika pia juu ya malezi, chakula, maradhi na mila, na mara nyingine alisita kusema ni lipi lenye nguvu zaidi. Lakini mwaka 1951 aliandika makala juu ya sehemu ya mbele ya ubongo, akadai kuwa mwenendo wa Mwafrika unafanana na wa Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa operesheni ya Moniz. Alimaanisha kwamba Mwafrika hulala na ubongo wake wa mbele bila ya kuutumia. Mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika uzima na ugonjwa, na kwa hivyo rai ya mtu mmoja ikavaa joho la dunia nzima.

Tena alisema kuwa maradhi ya huzuni nzito ni machache mno kwa Waafrika, kwa sababu ni watu wasiobeba mzigo wa lawama nafsini mwao. Ushahidi wake ulikuwa nini? Ulikuwa daftari la hospitali yake. Natufikiri, ndugu zetu: katika siku hizo ni nani aliyepelekwa Mathari? Ni yule aliyepiga watu, aliyechoma nyumba, aliyekamatwa na polisi akitembea uchi barabarani. Ama mama aliyefiwa, akakaa kimya chumbani, halali wala hali, huyo nani atampeleka Nairobi? Wa Othaya alibaki kwa mamaye. Wa Lamu alipelekwa kwa mganga, akaambiwa ana pepo, akapigiwa ngoma. Hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa katika daftari. Daktari hakuwaona, naye akafanya kutowaona kwake kuwa dalili ya kutokuwapo kwao.

Makosa ya vitabuni yangalibaki vitabuni. Lakini tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari kwa ajili ya vita vya Mau Mau, na mwaka 1954 ikamwita Carothers, aliyekwisha rejea Uingereza, aje awachunguze watu wa Mau Mau kwa elimu ya nafsi. Alikaa muda mfupi, akaandika risala iliyochapishwa Nairobi mwaka uo huo. Alieleza kuwa Wakikuyu wametoka katika mila zao bila ya kuingia katika mpya, kwa hivyo nafsi zao zimejaa wasiwasi, na viapo vya Mau Mau vimeota katika wasiwasi huo. Uzito mkubwa aliuweka katika nafsi za watu, si katika ardhi waliyonyang'anywa. Na miongoni mwa dawa alizozishauri ni kuwakusanya watu wakae vijijini.

Uadilifu watutaka tuseme kuwa mpango wa vijiji haukuanza kwake; Waingereza walikwisha kuutumia Malaya, na majemadari waliutaka ili kuwakatia chakula wapiganaji wa msituni. Lakini yeye aliuvika vazi la tiba. Amri ilitolewa katikati ya mwaka 1954, na kufika mwisho wa mwaka 1955 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishwa katika vijiji 804. Nyeri ilikuwa katika kiini cha vita hivyo, na Othaya iko chini ya milima ya Nyandarua, karibu na msitu wenyewe. Watu waliacha nyumba zao zilizotawanyika juu ya migongo ya vilima, zikachomwa au kubomolewa. Wakajenga vibanda vilivyobanana, wakachimba mahandaki yenye miti iliyochongoka, wakawa hawatoki ila kwa saa zilizowekwa. Njaa na maradhi viliingia, na watoto wengi wakafa. Mtu aliyetiwa hofu namna hii akitetemeka, je, twahitaji kumpasua kichwa ili tujue sababu?

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Nyeri nako kuna mahali paitwapo Mathari, penye misheni na shule. Katika miaka ya 1944 hadi 1946, Carothers akiwa bado mkuu wa Mathari ya Nairobi, alikuwa akisoma katika Mathari ya Nyeri mtoto wa mkulima aliyezaliwa Othaya mwaka 1931, jina lake Mwai Kibaki. Risala ilipochapishwa mwaka 1954, kijana huyo alikuwa Makerere akisoma elimu ya uchumi, na mwaka 1955 alihitimu kwa daraja la kwanza. Baadaye, kutoka mwaka 2002 mpaka 2013, alikuwa Rais wa Kenya. Ubongo ule ule uliosemwa kuwa umelala ulihitaji shule tu.

Mwaka 1959 Carothers aliandika tena, mara hii juu ya maandishi, akieleza kuwa watu wasiosoma huishi kwa sikio na wanaosoma huishi kwa jicho, na kwamba hilo hubadili fikira. Rai hii ina sehemu ya ukweli. Lakini sisi watu wa pwani tuna haki ya kuuliza: Mwafrika asiye na maandishi ni yupi? Huko Pate, Utendi wa Tambuka uliandikwa kwa herufi za Kiarabu mwaka 1728, zaidi ya karne mbili kabla ya makala yake. Bara pana lenye mataifa mengi haliwi mtu mmoja kwa sababu daktari amelipa jina moja.

Majibu hayakukawia. Mwaka 1960 Bibi M. J. Field alieleza kuwa vijijini Ghana aliwakuta wanawake wengi wenye huzuni nzito, wakijilaumu wenyewe kuwa wachawi. Mwaka 1961 Frantz Fanon, tabibu aliyefanya kazi Blida, Algeria, alimjibu Carothers waziwazi. Kwani aliyajua maneno hayo, wakoloni wa Kifaransa wakiwa wamekwisha kuwaandika Waislamu wa Algeria vivyo hivyo. Nchini Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo na wenziwe walitoka nje ya hospitali, wakawauliza watu majumbani mwao, wakaona maradhi ya akili ni yale yale ya wanadamu wote. Carothers alitoa kitabu kingine mwaka 1972, na akafa mwaka 1989.

Wataalamu wa leo wajua mengi zaidi. Wajua kisehemu cha ubongo chenye umbo la lozi kinachoamsha hofu, na kwamba sehemu ya mbele huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka ishirini, ikijengwa au kudhoofishwa na chakula, maradhi, mafunzo na vitisho. Na elimu hii si ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya miili na ya nafsi, akatenga huzuni yenye sababu ijulikanayo na huzuni itokayo mwilini bila ya sababu kujulikana.

Basi tusiikimbie elimu ya ubongo kwa kuwa ilitumiwa vibaya, wala tusimfiche mgonjwa wetu kwa kusingizia pepo. Na tukiletewa kipimo, tuulize kimepima nani, kimemwacha nani, na nani anakitaka. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.