Gino Watkins, fundi wa kuinuka majini

Hebu fikiria umeketi ndani ya kayaki, mtumbwi mwembamba wa ngozi ya sili. Koti lako limefungwa kwenye mdomo wa tundu la kukalia, maji yasiingie. Ghafla wimbi linakupindua, kichwa kiko chini. Utafanyaje?

Wewe na mimi tungehangaika kutoka, sivyo? Kwenye bahari ya Greenland, ukitoka baridi inakumaliza kabla hujaogelea mbali. Wawindaji wa huko walibaki ndani. Walifagia maji kwa kasia, wakazungusha nyonga, mtumbwi ukainuka nao. Kichwa ndicho kilitoka mwisho. Ukikiharakisha, unarudi chini.

Gino Watkins, Mwingereza aliyezaliwa London 1907, alifunzwa ujuzi huo na Wainuit alipoongoza msafara wa 1930 hadi 1931. Bosi wa watu wazima anakubali kumezeshwa maji ya chumvi kama mtoto mwanafunzi! Hapo ndipo jamaa huyu ananibamba.

Mwaka wa 1932 alirudi Greenland na wenzake watatu. Agosti 20 akatoka peke yake kuwinda sili, maana walitegemea nyama hiyo. Baadaye wenzake wakaona kayaki yake ikielea, imejaa maji. Suruali yake na mkanda wa kayaki vilikuwa juu ya kipande cha barafu. Huenda basi alikuwa ametoka mtumbwini, na ule ujuzi wote humsaidia tu aliye ndani.

Mwili haukupatikana. Alikuwa na miaka 25.