Jimmy Speirs: nahodha aliyeliacha kombe akaenda vitani

Kila fainali ya Kombe la FA la Uingereza inapowadia, mimi humkumbuka Jimmy Speirs. Alizaliwa Govan, Glasgow, mwaka 1886. Alichezea Rangers na Clyde, na mwaka 1909 akaenda Bradford City. Scotland ilimwita mara moja tu, mwaka 1908, dhidi ya Wales.

Siku yake ilikuwa Aprili 26, 1911. Fainali na Newcastle United ilikuwa imeisha bila bao, wakarudiana Old Trafford. Speirs, nahodha, akafunga bao la pekee. Kombe lilikuwa jipya, kazi ya masonara wa Bradford, na yeye ndiye nahodha wa kwanza kulipokea.

Baadaye alihamia Leeds City. Mwaka 1915, akiwa na mke na watoto, alijiunga na jeshi kwa hiari yake. Alipata nishani ya ushujaa, akawa sajini. Agosti 1917 aliuawa karibu na Ypres, Ubelgiji, akiwa na miaka 31.

Sivisifu vita, hivyo hivyo viliwamaliza wapagazi wetu huku Afrika Mashariki. Ila mcheza kwao hutuzwa, na huyu alituzwa ugenini, akazikwa ugenini. Vijana wetu wanaoiota Ulaya na walijue jina lake.