Masinde: Mhalifu au Mwenye Wazimu?

Miongoni mwa watu waliopelekwa Lamu na serikali ya Mwingereza ili wakae mbali na kwao, mmoja alitoka bara ya mbali kabisa, Kimilili, upande wa Bungoma, chini ya Mlima Elgon. Jina lake Elijah Masinde. Kabla ya kushushwa pwani, alikuwa amekwisha kupitishwa mikononi mwa madaktari wa akili, na hapo ndipo penye kisa.

Masinde alizaliwa yapata mwaka 1910 katika kabila la Wabukusu. Ujanani alisifika kwa kandanda, hata mwaka 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda kuwania Kombe la Gossage. Baadaye alikuwa tarishi wa baraza la wenyeji, akipeleka hati za kuwaita watu kesini. Alikuwa pia mfuasi wa misheni ya Marafiki, wakatengana alipooa mke wa pili. Ndipo akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa, akiwataka watu warudie ibada za mababu, na wazungu warudi kwao.

Mwaka 1944, vita vikiwa vingali vinapiganwa, wakulima walilazimishwa kung'oa magugu mashambani. Masinde alikataa. Yule tarishi wa zamani sasa akawa ndiye anayeletewa hati, naye akawavamia walioileta. Akashtakiwa, na mwaka 1945 akajikuta Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Nairobi.

Si ajabu daktari kuingizwa katika kesi ya jinai. Huko Marekani polisi waliwahi kuwalaza mashahidi usingizi wa kupumbazwa, yaani hipnosi, ili wakumbuke sura ya mwizi au namba ya gari. Taabu ni kwamba aliyelazwa hivyo huweza kuziba pengo kwa mambo ya kubuni, kisha akaamka akiapa kuwa aliyaona kwa macho. Mwaka 1982 mahakama kuu ya jimbo la California iliukataa ushahidi wa namna hiyo. Kwa Masinde, daktari hakutakiwa kufukua kumbukumbu, alitakiwa kuipima akili yenyewe.

Na mizani ilikuwa ya nani? Mathari iliongozwa tangu 1938 hadi 1950 na Dk. J. C. Carothers. Katika kitabu chake cha 1953, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa ubongo wa mbele. Mwaka uliofuata serikali ilitoa maandishi yake juu ya Mau Mau, ikitafuta chanzo cha uasi katika nafsi za watu. Ardhi waliyonyang'anywa haikuhitaji daktari kuonekana.

Katika sheria ya Kiislamu mwenye wazimu hahukumiwi mpaka akili zimrudie. Basi Masinde, kama alikuwa mgonjwa, alistahili kuhurumiwa. Kama alikuwa mzima, alistahili kusikilizwa. Alifunguliwa Mei 1947, na miezi michache baadaye akakusanya maelfu ya watu Chetambe, walikouawa Wabukusu mwaka 1895 wakipigana na Waingereza. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakafa 11. Dini ikapigwa marufuku, naye akakamatwa. Mara hii hapakuzungumzwa wazimu. Alipelekwa Lamu.

Kumwondoa hakukuzima moto. Karibu na Kitale, mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia yalichomwa, na walowezi wakawatazama kwa hofu vibarua wao wenyewe, kwani wengi wao walikuwa Wabukusu.

Masinde aliachiliwa uhuru ulipokaribia. Lakini serikali ya Waafrika nayo ilimwona msumbufu, ikamtia ndani tena, na dini yake ikapigwa marufuku mara ya pili mwaka 1968. Rais Moi alimfungulia mwaka 1978. Alifariki mwaka 1987, na hadi leo wako Bungoma wanaomwita nabii.