William A. Watkins

William A. Watkins (1926 – 24 Septemba 2004) alikuwa mtafiti wa Marekani aliyechunguza sauti za mamalia wa baharini, hasa nyangumi. Anajulikana zaidi kwa kumfuatilia "nyangumi wa hezi 52", lakini alikuwa pia mmoja wa watu wa kwanza kuchunguza kwa makini jinsi nyangumi wanavyobadilisha mwenendo wanaposikia kelele za binadamu chini ya maji.

Maisha

Watkins alizaliwa Conakry katika Guinea ya Kifaransa (leo nchi ya Guinea). Wazazi wake walikuwa wamisionari Wamarekani, naye alikulia Afrika ya Magharibi. Alisoma Wheaton College, Illinois, kisha akarudi Afrika na kushiriki katika kuanzisha kituo cha redio ya Kikristo ELWA mjini Monrovia, Liberia, kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1954.

Mwaka 1958 aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa bahari ya Woods Hole, jimbo la Massachusetts. Aliingia huko kwa ujuzi wake wa elektroniki. Shahada ya udaktari katika biolojia ya nyangumi aliipata baadaye sana, katika Chuo Kikuu cha Tokyo, Japani.

Kurekodi sauti

Woods Hole alifanya kazi pamoja na William E. Schevill, ambaye mwaka 1949, yeye na mke wake Barbara Lawrence, alirekodi sauti za nyangumi weupe katika mto Saguenay, Kanada. Vinasa sauti vya wakati ule vilikuwa vizito na havikufaa kwa mashua ndogo, hivyo Watkins alitengeneza vyake vya kubeba baharini.

Tatizo moja la miaka ile lilihusu jeshi la wanamaji la Marekani. Vifaa vyake vya kusikiliza vilinasa mapigo mazito ya hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, yaliyorudiwa kwa mpangilio uliofanana mno na mashine. Wengine walishuku nyambizi za Kisovyeti. Mwaka 1964 Schevill, Watkins na mwenzao Richard Backus walichapisha ushahidi kwamba mapigo hayo yalitoka kwa nyangumi wa spishi Balaenoptera physalus.

Nyangumi na kelele za binadamu

Ili kujua nyangumi yuko wapi, Watkins alishusha maikrofoni kadhaa majini, na ili kujua maikrofoni zenyewe zimekaa wapi alitumia vifaa vidogo vinavyotoa mlio mfupi. Hapo vifaa vya utafiti vikawa sehemu ya utafiti. Nyangumi wa spemaseti (Physeter macrocephalus), ambao hutoa mialiko mfululizo wanapozamia, walinyamaza kwa muda waliposikia milio hiyo. Watkins na Schevill waliandika habari hiyo mwaka 1975.

Miaka minane baadaye jambo kama hilo lilitokea kwa kiwango kikubwa zaidi. Watkins alikuwa kusini-mashariki mwa bahari ya Karibi akichunguza nyangumi wa spishi ileile wakati Marekani ilipovamia kisiwa cha Grenada, Oktoba 1983. Sona za kijeshi, ambazo zilionekana kutoka kwa nyambizi, zilisikika majini. Makundi ya nyangumi yalitawanyika na kuondoka upande wa sauti. Waliobaki walikuwa kimya na vigumu kukaribiwa. Taarifa aliyoitoa na Karen Moore na Peter Tyack mwaka 1985 ni kati ya za mwanzo kabisa kuhusu nyangumi na sona za kijeshi. Haikuwa jaribio lililopangwa, na hiyo ndiyo sehemu ya thamani yake: watafiti walikuwa tayari wanawasikiliza nyangumi kabla ya sona kuanza.

Mwaka 1986 alichapisha muhtasari wa miaka 25 ya kuangalia nyangumi karibu na rasi ya Cape Cod, na matokeo yake hayakuwa ya upande mmoja. Nyangumi wa minke, ambao zamani walizisogelea mashua, waliacha kuzijali. Wale wa Balaenoptera physalus, waliokuwa wakizikimbia, nao wakazizoea. Nyangumi wenye nundu (Megaptera novaeangliae) walianza hata kuzifuata. Watkins aliona kwamba sauti ndiyo iliyowagusa zaidi, hasa ile ya ghafla au inayobadilika. Kelele ya kawaida isiyobadilika walizoea kuipuuza. Kuzoea, hata hivyo, si sawa na kutodhurika, na swali hilo bado linachunguzwa.

Nyangumi wa hezi 52

Baada ya Vita Baridi jeshi la wanamaji liliruhusu wanasayansi kutumia baadhi ya maikrofoni zake za baharini. Watkins alifuatilia kwa miaka 12 mnyama mmoja katika Pasifiki ya Kaskazini aliyeita kwa takriban hezi 52, juu kuliko sauti za kawaida za nyangumi wakubwa wa eneo hilo. Magazeti yalimwita nyangumi mpweke kuliko wote duniani, ingawa upweke wake haukuthibitishwa. Makala ya utafiti huo ilitoka Desemba 2004, miezi michache baada ya Watkins kufariki kwa saratani.

Rekodi alizokusanya na wenzake, za spishi zaidi ya 60, zimehifadhiwa Woods Hole kwa jina lake.